Dua Isiyo na Mvumo

Taa mbili za kioo za amplifaya zilipata joto, zikawaka rangi ya kaa la moto. Bi Salha alivaa hedifoni juu ya mtandio, akangoja mvumo aliouzoea. Haukuja.

"Fundi Haruni, umeiua."

"Sijaiua, mama. Nimeitibu."

Haruni aligeuza ile amplifaya ndogo, aliyomuundia mwenyewe kwa vyuma chakavu, amwonyeshe. Transfoma ameihamishia pembeni, mbali na taa, na nyaya amezisokota kama msuko wa nywele.

"Ule mvumo ulikuwa ugonjwa."

"Na mimi siku zote nikidhani ndio uzima wake!"

Haruni akacheka, akabonyeza kitufe cha redio kaseti, kanda ikaanza kuzunguka. Ndiyo kanda pekee yenye sauti ya marehemu mumewe, nayo imechakaa. Bi Salha alikuwa amekata shauri: asipomsikia leo, hataipiga tena.

Marehemu akaanza kuomba dua, neno kwa neno, karibu kabisa na sikio. Bi Salha akatulia, akasema alhamdulillahi. Kisha akakunja uso.

"Kuna nini, mama?"

"Kuna mwanamke."

"Mwanamke gani tena?"

Bi Salha akazibana hedifoni masikioni. Kila mume alipovuta pumzi, nyuma yake sauti changa ya kike iliitikia amina, taratibu, kama mtu mwenye siku nyingi mbele yake. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ya ujanani.

Haruni hakusikia chochote. Alimwona tu Bi Salha akifungua viganja. Akaweka chini chuma cha kuchomelea, naye akafungua vyake.