Firigisi ya Jericho

Nabalayo, mjane wa kijijini kwetu, alikuja Ijumaa kuonja vyakula vya Nairobi. Kesho anarudi Bungoma, na mimi sitaki.

Tumekula samaki Gikomba na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, Shauri Moyo. Wakubwa wametunyima maji, lakini utamu wa kuku wa mtaa wa Jericho hawajaweza kutuharibia.

Mama wa kibanda cha kuku aliniwekea firigisi. Kwetu Waluhya hiyo ni ya mwenye boma peke yake. Tangu mke wangu afariki, nimekuwa nikiila bila kusikia ladha.

Niliihamishia kwenye sahani ya Nabalayo.

“Mzee, umelewa? Watu wataniona!”

“Wacha waone. Viongozi wanakula nchi nzima, wewe ushindwe na firigisi?”

Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kisha akaiuma katikati, nusu akaniletea mdomoni.