Upande wa Kukata

Mashine ililipigia neno "marehemu" mstari mwekundu. Mzee akalifuta, akaliandika upya herufi moja moja, kwa kidole kimoja chenye ncha ngumu kama kokwa. Mstari ukarudi.

"Hujakosea, baba," mkufunzi alimwambia. "Mashine hii haikufundishwa Kiswahili. Haimjui marehemu."

"Ahaa. Basi haina haraka naye."

Darasa likacheka, kisha likajutia kucheka. Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo ya kompyuta, katika chumba kilicho juu ya duka la misumari na rangi, na kila mwanafunzi alitakiwa aondoke na kazi yake mwenyewe mkononi. Wengi waliandika maombi ya kazi. Mama wa saluni alitengeneza tangazo. Mzee alitengeneza ratiba ya mazishi.

Mkufunzi alikuwa amemsihi achague kitu chepesi, akakataa. Kaka yake alipofariki, wachapaji walichukua ratiba ya maiti mwingine, wakabadilisha majina, wakasahau moja mwishoni. Msomaji akalisoma vilevile, kaburi likiwa wazi.

"Tulimzika kaka kwa jina la mtu baki," mzee alisema. "Safari hii sitaki kumwachia mtu."

Tangu hapo mkufunzi hakumbishia. Aliiona pete ya ndoa kidoleni mwa mzee, na jinsi alivyogeuza mazungumzo alipoulizwa habari za nyumbani. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Wasifu ulikuwa mfupi. Marehemu alishona sare za shule za mtaa mzima. Marehemu hakupenda kelele, wala kazi ya kulipua. Marehemu aliugua kwa subira.

Mzee akaegemea kiti, akangoja kikohozi kipite.

"Pindo la kushoto la ukurasa limezidi," alisema.

"Pambizo, Mzee Pindo," mama wa saluni alimtania. "Kila siku tunakwambia."

Mkufunzi aliwaza jinsi ndoa ndefu inavyomwachia mtu hata maneno ya mwenzake. Akalipunguza pindo bila kusahihisha neno.

"Na tarehe, baba? Umeiacha wazi."

"Hiyo watajaza wao."

Ikabaki picha. Aliyoileta ilikuwa ya harusi ya binti yake: mzee na mkewe bega kwa bega, mke amemshika mkono kama anayeogopa kupotezana naye sokoni.

"Nataka mmoja tu," mzee alisema. "Nyingine haipo. Huyu wa kwetu hakuwa mtu wa picha."

Mkufunzi akavuta kiti karibu. Hili hakutaka mzee alifanye mwenyewe. Akashika kipanya, akasogeza ukingo wa picha taratibu, ukapita juu ya bega la mzee, juu ya koti lake, mpaka akabaki mwanamke peke yake, anatabasamu, vidole vimeshika mkono usio na mwenyewe.

"Hapo sawa, baba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mzee akatafuta kitufe cha kutendua walichofundishwa asubuhi, akakibonyeza, na akajitokeza tena kando ya mkewe.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "umemkata marehemu, ukabakiza mfiwa."