Kalamu ya Kijani

Mbuzi wa nne alipoibiwa, watu wa mtaa waliitwa uwanjani kupiga kura ya siri ya kumtaja mwizi.

"Hata kama hukuona kwa macho, andika unayemdhania," mwenyekiti alisema.

Somoe aliandika jina la Mzee Kibwe, fundi baiskeli, aliyekaa peke yake kwenye benchi la mwisho. Ushahidi hakuwa nao, ila bombani kila mtu alimtajia huyo huyo. Kisha akamwazimisha jirani yake, Mama Tunu, kalamu ile ya kijani aliyoandikia.

"Ahsante, shoga," Mama Tunu alisema, akaandika huku ameifunika karatasi kwa kiganja, kisha akaipitisha kalamu kwa wanawake wengine wa benchi lao.

Mwenyekiti alisoma akiinua kila karatasi watu waione. Ya kwanza ilikuwa ya Somoe.

"Kibwe."

Mzee akainamisha kichwa.

"Somoe," mwenyekiti akasoma ya pili.

Somoe alidhani anaitwa. "Abee," akaitika. Hakuna aliyecheka.

"Somoe. Somoe. Somoe."

Karatasi tano za wino wa kijani zilifuatana, kisha za bluu, zote zikimtaja yeye, mpaka boksi la kura likawa tupu. Kibwe hakutajwa tena.

Kalamu ilirudi mkono kwa mkono, hakuna aliyemtazama. Mama Tunu alikusanya kanga yake, akasogea mbali. Somoe akasimama, asijue akae wapi.

Kule nyuma, Mzee Kibwe alisogea pembeni, akapangusa vumbi kwenye benchi lake, akamngoja.