Pembetatu Iliyopungua

Mfarishi wa nyumba ile, blanketi la vipande vya pembetatu, ulishonwa kwa nguo za marehemu tu. Bi Rehani alikuwa amefika kona ya mwisho ya pindo, na pembetatu moja ilipungua. Saumu, mke wa mwanawe, akamwekea mapajani shati la mumewe, aliyesafiri asirudi.

“Kata hili, mama. Nikae eda, nijue moja.”

“Hili lina mwenyewe.”

“Mwenyewe umemwona wapi?”

Bi Rehani akaliweka shati kando. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, naye akazivuta pembetatu za jirani mpaka zikaziba pengo, akazishona.

“Pindo litajikunja,” Saumu alisema.

“Nitalipiga pasi.”

Akaikandamiza pasi kwa mikono miwili. Alipoinyanyua, pindo liliinuka polepole, likakataa kulala.