Kichupa cha Tatu

Daktari aliingia bila kubisha hodi. Alisukuma mlango, akapita kama upepo, akaketi kwenye kiti cha pembeni na kuutazama ukuta.

Muuguzi, aliyebaki nje na sanduku la barafu mkononi, aliona aibu kwa niaba yake.

"Hodi, mama! Shikamoo."

"Sanduku lako likae huko huko," alijibu bibi mwenye nyumba. Marahaba hakuitoa. "Sijaagiza nyama."

Muuguzi alimwomba Mungu subira, akaingia. Kule maabara wenzake walimwita daktari huyu Gogo: hasalimii, hakutazami machoni, hacheki hata utani ukimlenga mwenyewe. Alikuwa bingwa wa vinasaba, akitafuta kwenye damu chanzo cha usonji. Sifa zake zilivuka mipaka. Adabu zake hazikuvuka kizingiti. Kwa kawaida hatoki maabara, lakini leo aling'ang'ania kuja.

"Mama, tumekuja kwa ajili ya mtoto wako."

"Kawakosea nini mtoto wangu?"

"Hajakosa kitu. Damu yake tunayo, alitoa kwa hiari. Ya baba yake tunayo. Imebaki yako."

Katika utafiti ule familia hazikuwa na majina, zilikuwa na alama tu. Muuguzi alichojua ni kwamba vichupa viwili vya familia hii vimejaa, cha tatu ni kitupu.

"Baba yake!" Bibi alicheka kwa dharau. "Huyo aliyeshindwa kututolea jasho, damu kaiweza?"

"Kaiweza, mama. Na lile badiliko la kinasaba tuliloliona kwa mtoto, kwake hatukuliona."

Muuguzi aliuma ulimi, lakini maji yalikwisha kumwagika.

"Ahaa! Basi limebaki kwangu." Bibi alisimama. "Mama mkwe aliingia kaburini akisema tumbo langu lina mkosi. Mawifi waliwakataza watoto wao kucheza na wangu. Mwalimu alinirudishia kama mzigo uliooza: eti hasemi, haitiki akiitwa, kutwa kucha anapanga vizibo vya chupa. Nilipiga magoti kuomba mpaka yakaota sugu. Na leo nyinyi mnataka kuwapelekea mawifi ushahidi wenye mhuri?"

"Hakuna atakayepelekewa, mama. Lakini mtoto mwenyewe, je? Labda yeye angependa kujua."

"Muulize basi!"

Muuguzi alimeza kejeli hiyo. Akamgeukia Gogo kwa macho ya kuomba msaada.

"Badiliko linaweza kuwa jipya," daktari aliuambia ukuta. "Lisitoke kwa baba wala kwa mama. Hutokea mimba inapotungwa. Bila kichupa cha tatu hatuwezi kujua."

"Na likiwa langu?"

"Litakuwa lako."

Muuguzi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu gani huyu asiyeweza kumpoza mama mzee hata kwa neno moja la huruma?

"Likiwa langu, wao walisema kweli?" Sauti ya bibi ilipanda. "Mimi ndiye niliyemharibu?"

"Hapana. Hakuna aliyeharibika."

"Unasema hivyo kunituliza."

"Sijui kutuliza watu."

"Hilo nalijua!" Bibi alifoka. "Wala kudanganya hujui."

Muuguzi alisubiri kufukuzwa. Tayari alikuwa ameshika mpini wa sanduku lake. Lakini bibi aliketi, akapandisha polepole mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko. Mishipa ilikuwa imejitokeza kama kamba.

Muuguzi hakutaka bahati impite. Alipiga magoti mbele yake, akatoa pamba, akachomoa sindano kwenye karatasi yake.

Bibi akauvuta mkono.

"Wewe weka hiyo sindano chini," alisema, akaunyoosha mkono wake juu ya kichwa cha muuguzi, kuelekea kwa daktari. "Atanichoma huyu niliyemzaa."