Goti la Efe

Kwenye harusi ya mjukuu wake, mzee Veli, aliyewahi kuwa efe, yaani mkuu wa wanyang'anyi wa milimani, alicheza ngoma yao ya zamani. Aliposhusha goti chini, alishindwa kuinuka. Durmush, wa mwisho aliyebaki katika kundi lake, aliyekuwa akicheza naye na kupiga goti kando yake, naye hakuinuka, kwani kwa desturi yao hakuna aliyesimama kabla ya efe.

"Simama wewe," Veli alinong'ona. "Watanicheka."

"Tuliwavizia askari tukiwa tumepiga goti hivi kutwa, Efe. Hata kupiga chafya ulitukataza."

"Wakati ule nilikuwa na magoti."

Durmush alimwashiria mpiga ngoma aendelee. Vijana wakadhani ndivyo ilivyochezwa zamani. Mmoja mmoja wakapiga goti uani, wakimngoja Veli asimame.