Marufuku ya Nyati

Zamani, wanyama walipokuwa na serikali yao, mkuu wao Nyati alipiga marufuku matunda yaliyochacha, kwa kuwa yalilewesha. Aliyeyala alifukuzwa mbugani.

Siku moja ndama wake alipotea. Nyati alimtafuta roho mkononi, akamkuta kichakani amezimia, ananuka matunda hayo, na rafiki yake Ngiri anatetemeka kando.

“Mbona hukuniita?” Nyati alifoka.

“Tulikula wote, mzee. Ningekuita, ungetufukuza.”

 Nyati alimburura mwanawe hadi mtoni, akamrushia maji mpaka akafumbua macho.

Jioni aliwakusanya wanyama. “Matunda yale bado ni marufuku,” alisema kwa uchungu. “Lakini kuanzia leo, anayeomba msaada hafukuzwi.”

Hata hajafunga mdomo, sauti dhaifu ikasikika kutoka kichaka cha mbali: “Jamani, nisaidieni!”